Kitambaa cha Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala na njaa, mbona sauti hazitoki? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nasimulia.

Hapo zamani za kale, wanyama na ndege walikuwa na kikundi kimoja cha ngoma. Manju wao, yaani kiongozi wa ngoma, alikuwa Mzee Nyani. Mchezaji wa mbele alikuwa Korongo. Korongo akifunga njuga miguuni, akatandaza mabawa, akaruka, hata Kobe alitoa kichwa nje kutazama. Na Kobe, mnamjua, hatoi kichwa ovyo.

Msimu wa mavuno ukafika. Leo harusi, kesho jando, keshokutwa tambiko. Korongo akacheza. Akacheza. Akacheza.

Mwili wake ulikuwa mzima, lakini moyo ukawa mzito. Akilala, hapati usingizi. Akivua njuga, bado anazisikia zikilia masikioni. Akiitwa jina tu, machozi yanamtoka. Akaingiwa na hofu. "Nikiendelea hivi nitaichukia ngoma," akasema, "na ngoma ndiyo maisha yangu."

Akaenda kwa manju.

"Shikamoo, Mzee Nyani."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Moyo umechoka, mzee. Naomba nipumzike kidogo."

Nyani akainama. Akamshika mguu wa kulia, akamshika na wa kushoto. "Miguu mizima hii! Kesho tuna ngoma kwa Pundamilia."

Korongo akacheza kwa Pundamilia.

Akarudi tena. "Mzee, moyo umechoka. Naomba nipumzike kidogo."

Nyani akamkunjua bawa la kulia, akamkunjua na la kushoto. "Mabawa mazima haya! Kesho tuna ngoma kwa Twiga."

Korongo akacheza kwa Twiga. Alicheza huku analia, na watazamaji wakapiga vigelegele wakidhani ni madaha.

Kanga, mchezaji wa safu ya nyuma, hakupiga kigelegele. Alimvuta rafiki yake pembeni. "Shoga, una nini?"

"Naumwa moyo, na manju haoni."

"Basi mwonyeshe kitu anachokiona," akasema Kanga. Akaponda majani yenye harufu kali, akayaweka kwenye kitambaa, akamfunga Korongo mguu wa kushoto.

Korongo akaenda kwa manju mara ya tatu, akichechemea. Nyani alipoona kitambaa, alishika kichwa. "Maskini mwanangu! Kalale! Mleteeni uji! Nani amemchosha huyu mtoto hivi?"

Nani! Jamani, na yeye anauliza!

Basi Korongo akakaa kando ya kinamasi. Akalala. Akaamka, akatazama maji, akalala tena. Njuga za masikioni zikaanza kunyamaza. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi moja alifungua kitambaa ili aoge, na alipomaliza akakifunga mguu wa kulia. Mara Nyani huyo, na bakuli la uji mkononi. Akatazama mguu wa kulia. Akatazama wa kushoto.

"Mwanangu," akasema polepole, "ugonjwa umehama?"

Kikundi kizima kikaitwa. Sheria yao ilikuwa moja tu kwa jambo kama hilo: anayekidanganya kikundi huvuliwa njuga, na hachezi tena maisha yake yote.

Korongo akaziweka njuga chini mwenyewe.

"Ni kweli, sikuumwa mguu," akasema. "Lakini nilipowaambia kweli, mlinikagua miguu. Nilipowaambia kweli tena, mlinikagua mabawa. Nilipodanganya, mkaniletea uji."

Hakuna aliyejua atazame wapi.

Kisha Kanga akasema, "Kitambaa nilikifunga mimi. Na hata mimi nimechoka."

Swala akasema, "Hata mimi."

Mbuni, yule mkubwa, mwenye miguu kama magogo, akajifuta jicho. "Hata mimi," akasema.

Mzee Nyani akaiangalia ngoma yake, akaigeuza kifudifudi. "Leo hatuchezi," akasema.

"Na harusi ya Nyati?" akauliza Swala.

"Nyati na wageni wake wana mikono. Wapige makofi."

Kisha akaokota njuga, akampa Korongo. "Zako hizi, mwanangu. Zivae siku utakayotaka wewe. Kuanzia leo, atakayesema moyo umechoka, simshiki mguu. Nitamwambia pole, akapumzike."

Korongo akarudi kinamasini bila kitambaa. Akakaa mpaka akachoka kukaa. Asubuhi moja upepo ulipita kwenye matete, na mguu wake ukagonga chini wenyewe. Ukagonga tena. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na watazamaji, na Korongo alikuwa anacheza huku anacheka peke yake.

Wanangu, mguu uliovunjika kila mtu anauona; moyo uliochoka hauonekani mpaka mwenyewe aseme. Mwenzio akikwambia amechoka, mwamini hapo hapo, usimngoje aje na kitambaa.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni mimi niliyeipika.