Meza ya Shingo Nyeusi

Mtu mmoja alikuwa na kiti chake mezani, na kiti hicho alikipenda kuliko kitanda chake. Jina lake Kasiani Ndunguru. Alikuwa bwana wa ofisini katika mgodi wa makaa ya mawe, huko juu kwenye milima ya kusini, na meza yenyewe ilikuwa ya chama cha watu wa makaa, waliokutana kula chakula cha mchana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika ukumbi wa Mama Gaudensia. Walikuwemo wahandisi, wapimaji wa maabara, wanunuzi, wenye malori na wakubwa wa mgodi. Walikula mbuzi, wakala samaki wa ziwani, wakanywa kahawa, na kabla kahawa haijapoa mambo ya mgodi mzima yalikuwa yameshaamuliwa. Ofisini mtu angengoja mpaka benchi limzoee. Mezani alisema neno lake huku akipokezwa chumvi, na neno likapita.

Chama hicho kilikuwa na desturi yake mlangoni. Zamani, kilipoanza, wanachama wote walikuwa wa shimoni, na walikuja kula wakitoka moja kwa moja kazini, na vumbi lao. Harufu ya mbuzi ikawavuta na wengine. Fundi cherehani, karani wa kata, mpiga picha wa sokoni, kila mmoja akajifanya wa makaa. Ndipo wakaweka kanuni. Anayeingia anafutwa shingo kwa kitambaa cheupe, kila mtu na chake. Kitambaa kikitoka cheusi, huyo ni mwenzetu, apite. Kikitoka cheupe, arudi alikotoka. Kanuni ilikuwa nzuri, na kwa muda ilifanya kazi yake.

Kisha wanachama wakapanda vyeo. Mtu akitolewa shimoni hupewa ofisi, na ofisi ina dirisha, feni na sabuni ya kunawia. Waliojiunga baadaye hawakuwahi kushuka chini hata kwa kuchungulia. Makaa waliyajua kwa simu tu. Lakini kanuni ikabaki, na hakuna aliyethubutu kuigusa, maana ndiyo waliyojivunia mbele za watu. Basi kila mmoja akajitafutia njia.

Siri hiyo wanaume walidhani ni yao. Lakini kola za mashati hufuliwa na nani? Editruda, mke wa Kasiani, alishangaa siku nyingi kwamba mume anayefanya kazi penye zulia hurudi Alhamisi na kola kama ya mchoma mkaa. Asubuhi moja akamkuta uani, amechuchumaa kando ya jiko, anasaga kipande cha mkaa wa kupikia kati ya vidole na kujipaka nyuma ya masikio, taratibu, kama bibi harusi anayetiwa wanja. Editruda akageuka. Alikwenda kumwambia jirani. Jirani akasema kumbe na wa kwake. Wa tatu akasema wa kwake ni mvivu, hukaa kwenye kigoda akaomba apakwe. Walicheka mpaka povu la kufulia likaisha kwenye karai. Tangu hapo, Alhamisi ya kwanza ikifika, wake hao wakikutana bombani huulizana kwa sauti ya chini: "Wako ameshapakwa?"

Hata hivyo Kasiani hakuanza na uongo, na hili lisemwe. Ujana wake wote aliumalizia shimoni. Mwenzake wa zamu alikuwa Sipriani Kinunda, na wawili hao paa liliwahi kuwaangukia, wakachimbuliwa wakiwa hai. Majeraha yao yalipona vumbi likiwa ndani. Watu wa shimoni wanazijua alama hizo, mistari ya bluu iliyolala chini ya ngozi kama wino, isiyotoka kwa maji wala kwa miaka. Kasiani alikuwa nazo mkononi, na Sipriani vilevile. Kasiani alipopata ofisi akazoea mashati ya mikono mirefu. Sipriani alibaki chini, akawa msimamizi wa zamu, na watu wa zamu walimwita baba ingawa wengine walimzidi umri.

Mwaka mmoja mvua hazikutaka kwenda. Maji yakapenya, na magogo yanayoegemeza paa la shimo yakaanza kuoza. Sipriani aliyagonga kwa nyundo, yakatoa sauti ya boga. Akaomba magogo mapya, akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akaambiwa maombi yake yapo njiani, ingawa njia yenyewe haikujulikana inaelekea wapi. Mwenye kuidhinisha magogo alikuwa Bwana Hyera, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa chama, na huyo ofisini hakupatikana. Alipatikana mezani. Basi Sipriani akaenda nyumbani kwa Kasiani, akamweleza hali ilivyo. Hakuomba makubwa. Aliomba aketi mara moja karibu na Bwana Hyera, aseme neno lake kwa ajili ya wale walio chini ya lile paa.

Kasiani alikubali, tena kwa moyo. Kila mwanachama aliruhusiwa kualika mgeni, ilimradi mgeni awe wa makaa na apite mlangoni kama wengine. Akamweleza siku, akamweleza saa, akamweleza atakavyomketisha mkono wa kulia wa Bwana Hyera, hata mbuzi wa Mama Gaudensia alivyo laini akamweleza. Jambo moja tu hakumwambia, kwamba asioge. Lilifika kwenye ulimi likakaa hapo. Maana ukimwambia mtu aje na vumbi lake, atakuuliza wewe la kwako unalitoa wapi, nawe unakaa penye feni. Kasiani akajituliza. Akajiambia kwamba makaa yamemganda Sipriani miaka yote hiyo, hayatamwacha siku hiyo moja.

Hapo alikosea, na ni kosa la mtu aliyekaa ofisini mpaka akasahau. Alisahau jinsi watu wa shimoni wanavyokwenda karamuni.

Siku ilipofika Sipriani alibadilishana zamu na mwenzake. Mkewe akamchemshia maji. Akajisugua kwa gunzi na sabuni ya mche, shingo, masikio, mpaka chini ya kucha. Akajisuuza, akajisugua tena. Akajipaka mafuta, akavaa shati alilofungia ndoa. Meza ile aliiheshimu. Waliopishana naye njiani walisema alinukia sabuni kabla hajafika na baada ya kupita.

Mlangoni alikaa Mzee Longino, mshika kitambaa, ambaye naye, kwa habari za bombani, alijipaka kwanza ndipo akaja kufuta wengine. Kasiani alitangulia. Akafutwa, kitambaa kikatoka cheusi, akapita akaketi. Akafuata mnunuzi mmoja, cheusi. Akafuata mwenye malori, cheusi tii, maana huyo hakujua kiasi. Sipriani akainamisha shingo. Kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Longino akakigeuza upande wa pili, akafuta kwa nguvu zaidi. Cheupe. Mezani wakaanza kuchekeana.

"Kaka, hapa ni kwa watu wa makaa," Longino akasema. "Wauza vitenge wana siku yao."

Sipriani naye akacheka, akidhani ndivyo wanavyokaribisha wageni. Kisha akaona hakuna anayempisha. Akasema yeye ni msimamizi wa zamu, na mwenyeji wake ni yule pale. Longino akamjibu kwamba maneno kila mtu anayo. Ndipo Sipriani akafungua kifungo cha shati la ndoa, akakunja mkono mpaka kwenye kiwiko, na ile mistari ya bluu ikaonekana yote.

"Yangu haitoki kwa kitambaa," akasema.

Longino akautazama mkono, kisha akamtazama mwenyekiti. Bwana Hyera alikuwa anachagua ubavu. Akasema, bila kuinua macho, kwamba kanuni imetaja shingo, haikutaja mkono.

Kasiani alisikia mkono wake mwenyewe ukimwasha ndani ya shati. Alijua la kufanya, na lilikuwa jepesi, asimame tu, akunje naye, aseme huyu na mimi tulifunikwa pamoja. Lakini alijua na kitakachofuata. Ukikipinga kitambaa mlangoni, kanuni inataka kila mtu afutwe upya, tena kwa kitambaa chenye maji, na mkaa wa jikoni hautambi mbele ya maji. Unateremka wote mara moja, tofauti na vumbi la shimoni, shingo ikabaki inang'aa. Yeye ndiye angeanza kufutwa. Akatazama huku na huku, akaona shingo za wenzake zimekakamaa, kila mmoja akiwaza hilohilo. Hata hivyo alinyanyuka. Alifika nusu. Hapo sinia la mbuzi likapita mbele yake, na jirani yake akamwambia, "Bosi, chukua, linapoa." Akashika kipande kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono wa pili, akarudi chini. Akajiambia atalisema wakati wa kahawa, watu wakishashiba na roho zimelainika.

Sipriani alimtazama mara moja, wala hakumkodolea macho. Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akawatakia chakula chema, akaondoka. Mama Gaudensia alimwona akipita nje ya dirisha la jikoni, akataka kumfungia walau kipande kwenye karatasi apeleke nyumbani. Akakataa kwa adabu, akasema hakufuata nyama.

Kahawa ilipokuja, maneno yalikuwa ya harusi ya binti wa Bwana Hyera, kama msafara upite barabara ya juu au ya chini, na kama keki iwe nyeupe au iwe na waridi. Kasiani alingoja yaishe. Hayakuisha. Watu wakasimama, wakaagana, wakaenda kuoga.

Paa lilianguka mvua zikiwa bado zinanyesha, zamu ikiwa ya Sipriani. Hakufa mtu, na hilo lilisemwa sana, hasa na wale wa mezani. Sipriani alikuwa amesikia magogo yakilia, akawasukuma watu wake nje mmoja mmoja, akabaki yeye wa mwisho, na gogo likamlalia miguu yote miwili. Walipomtoa alikuwa mweusi kuanzia utosini, macho tu ndiyo yaliyoonyesha kwamba ni mtu na ni yeye. Picha yake ikazunguka kwenye simu za watu, na Alhamisi ya kwanza ilipofika, ikafika mezani.

Chama kiliguswa. Simu ilipitishwa mkono kwa mkono, katikati ya samaki na ndimu. Longino aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama ile shingo kwa muda, akasema kwa haki kabisa kwamba sasa hana pingamizi. Wakakubaliana wote, bila hata mmoja kuguna, kwamba Sipriani Kinunda apewe kiti cha kudumu. Wakasema Kasiani ndiye apeleke habari hiyo njema, kwa kuwa ni mwenzake wa zamani. Magogo mapya hayakutajwa, maana shimo lile lilikuwa limeshafungwa. Bwana Hyera aliongeza jambo moja tu, akikoroga kahawa, ili mgeni asije akaaibika tena mlangoni. Aambiwe kwamba siku atakayokuja asioge.

Kasiani akatoka mezani akaenda hospitalini moja kwa moja, ujumbe ukiwa kichwani na nyama ikiwa bado kwenye meno. Alimkuta mke wa Sipriani anamaliza kumpangusa mumewe. Siku zilikuwa zimepita tangu ajali, na maji ya kwenye beseni yalikuwa bado yanatoka meusi. Shuka lilikuwa limeinuka kifuani na magotini, na baada ya magoti lilikuwa bapa mpaka mwisho wa kitanda. Kasiani akasimama mlangoni mwa wodi akitafuta neno la kuanzia. Alijaribu kuanza na kiti, akaona hakifai. Alijaribu kuanza na pole, nayo ikagoma. Sipriani alipomwona alishika vyuma vya kitanda akajaribu kujiinua, kama mwenye nyumba anavyofanya, akamwashiria mkewe kwa kichwa amsogezee mgeni kigoda.

"Karibu, Kasiani," akasema. "Umekula?"

Ninyi mliokwisha kushiba leo, semeni: mtu huyo angejibu nini?