Nguvu ya Mashine, Nguvu ya Maji

Masika ya mwaka ule yalipokwisha, Mto Rufiji haukurudi ulivyokuwa. Juu kidogo ya kijiji cha Mkongo ulikuwa umekata ukingo, na mikono miwili ya mto ikaungana kuwa mkondo mmoja mpana wenye kina. Juu maji yalitulia kama uji uliopoa. Aliyeyatazama kutoka ukingoni angeapa kwamba hayaendi popote, na Waswahili wanajua jinsi maji makimya yanavyodanganya.

Tamimu alikuwa nahodha wa boti ndogo ya mbao yenye mashine moja kuukuu. Kila asubuhi aliwashusha wakulima kilomita kumi na mbili hadi mashamba ya bondeni, na mchana akawapandisha pamoja na mpunga na maboga yao. Zamani safari ya kupanda ilichukua muda wa saa mbili. Baada ya masika ikawa saa nne. Mashine ilinguruma na kutoa moshi, lakini miti ya ukingoni ilisogea nyuma polepole mno, mpaka abiria wakaanza kunung'unika. Fundi Fikirini alitega sikio kwenye mashine, akatikisa kichwa na kutoa hukumu: imechoka, nguvu zimepungua nusu.

Fundi akisema, nani atabisha? Tamimu alitafuta mnunuzi huko Ikwiriri, mtu wa kuichukua kwa ajili ya vipuri, wakaahidiana Jumamosi. Akampigia simu binamu yake wa Dar es Salaam, ambaye alimhakikishia kazi ya kubeba mizigo sokoni. Mkewe, Warda, alipoambiwa, alisema "haya" kwa sauti ndogo, akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Miaka sita ya ndoa hawajawahi kulala mbalimbali zaidi ya siku tatu. Alimpenda mume yule, na hakujua nyumba ingekuwaje bila kikohozi chake cha asubuhi.

Warda naye alikuwa na mzigo wake. Shule aliiacha kidato cha pili, na sasa, akiwa na miaka ishirini na sita na mtoto mmoja, alikuwa akisoma kila Jumamosi kwenye kituo kimoja cha Ikwiriri ili afanye mtihani. Masomo mengine aliyamudu. Hesabu za kutafuta namba mbili zisizojulikana ndizo zilizomtoa jasho. Mwalimu Haidari aliwapa swali: jumla ya x na y ni kumi na mbili, je, zinaweza kujulikana? Warda alijibu upesi kwamba ni saba na tano. Likarudi limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika, "Na nane na nne je?"

Siku ya Alhamisi alasiri, Tamimu aliketi barazani akiifuta mashine taratibu, kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Warda alikuwa mkekani na daftari lake, Zuhra, binti yao, amelala ubavuni.

"Baba Zuhra, kweli utaondoka?"

"Nitafanyaje, mama? Mashine imekufa. Nikikaa hapa mtakula nini, matope?"

Warda akainamia daftari. Chozi lilianguka juu ya lile swali na wino ukatapakaa. Tamimu aliliona, akaweka kitambaa chini na kumsogelea.

"Na hilo daftari nalo linakuliza?"

"Hesabu hii. Namba mbili, jumla yake kumi na mbili. Nimejibu saba na tano, mwalimu kakataa."

Tamimu alicheka, kicheko cha kwanza tangu wiki ile ianze. "Kakataa kwa haki. Mimi niliyeishia darasa la saba naona kuwa hazijulikani. Tuseme umesimama ukingoni, umeniona nashuka mbio. Utajua mashine yangu ina nguvu gani?"

"Si nitaona mbio zenyewe?"

"Hutaona kitu! Maji yananisukuma. Pengine mashine ni legelege, maji ndiyo yanayokimbia. Mpaka unione na kupanda. Nikishuka, maji yananisaidia. Nikipanda, yananipinga. Ukishaona yote mawili, ndipo utatenganisha cha mashine na cha maji."

Warda aliandika polepole, akisema kila neno: kushuka ni mashine kujumlisha maji, kupanda ni mashine kutoa maji. Kile ambacho mwalimu alikifundisha majuma matatu kikamwingia akilini kwa mara moja, akatabasamu peke yake. Lakini tabasamu halikukaa. Aliinua uso akamkazia macho mumewe.

"Baba Zuhra, hiyo mashine mliipimaje mkasema imekufa?"

"Kwa kupanda. Zilikuwa saa mbili, leo saa nne."

"Na kushuka je?"

Tamimu aliigeukia mashine. Manahodha wa mto ule wakishuka hupunguza mashine na kuyaachia maji kazi, ili kuokoa petroli. Tangu masika yaishe, hakuwahi kushuka kwa nguvu zote hata siku moja.

"Mume wangu," Warda alisema kwa upole, "wewe nawe umejibu saba na tano."

Tamimu alikuna kichwa. Petroli ya kuchezea hesabu hakuwa nayo, na alilisema hilo mara mbili. Warda hakubishana. Alimshika mkono uliojaa grisi, akamwomba siku moja tu, kesho, kabla mnunuzi hajafika. Mwanamume gani angekataa?

Ijumaa asubuhi Tamimu aliipa mashine nguvu zote. Warda alikaa mbele na simu ya kuhesabu dakika, huku Zuhra akipiga makofi kila maji yalipowarukia. Walifika bondeni kwa dakika arobaini na nane. Wakulima walishuka wakisifu. Warda alibaki botini, daftari juu ya goti.

"Kushuka, mwendo wetu ni kilomita kumi na tano kwa saa," alisema. "Kupanda, kwa zile saa nne, ni tatu. Nikijumlisha, maji yanajifuta yenyewe, zinabaki mashine mbili: kumi na nane. Basi mashine ni tisa, na maji ni sita. Sasa niambie, ilipokuwa mpya kwako?"

"Siku ya kwanza niliijaribu kwa nguvu zote. Kushuka saa moja, kupanda saa mbili."

"Kumi na mbili, na sita." Aliandika, akajumlisha. "Kumi na nane ile ile! Mashine ilikuwa tisa, na leo ni tisa. Maji ndiyo yaliyotoka tatu yakawa sita. Mashine yako haiumwi, Baba Zuhra. Haijapungua hata kidogo."

Tamimu alimwomba arudie. Akarudia. Nahodha yule, aliyewahi kukabiliana na viboko bila kupepesa, aliketi kwenye ubao wa boti akajifunika uso kwa mikono miwili na kulia mbele ya mkewe, wala hakuona haya.

Alipojifuta, akili ya unahodha ilimrudia. Kama adui ni maji, basi adui anakwepeka. Kulikuwa na mkono mwembamba wa mto upande wa kusini, wenye kona nyingi, ambao manahodha waliudharau kwa urefu wake. Humo maji yalikwenda kivivu. Mchana ule alipandia huko, wakafika kwa saa mbili na dakika chache. Abiria mmoja aliuliza kama amenunua mashine mpya.

Jioni alimweleza mnunuzi asijisumbue kuja. Kisha akampigia binamu yake, Warda akiwa amejiegemeza begani kwake akisikiliza.

"Usinisubiri," Tamimu alisema. "Mashine ni nzima."

"Fundi gani kaitengeneza?"

Tamimu alimtazama mkewe. "Fundi ninaye hapa ndani. Mwenyewe alikuwa amekwama nusu ya njia, nami nusu."

Aliyeujua mto hakujua hesabu, na aliyesoma hesabu hakuujua mto. Kila mmoja peke yake alikuwa anapotea. Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa.