Jemadari na Mgeni wa Jikoni

Mwakio alikuwa na mbwa mmoja, jina lake Jemadari. Alimleta nyumbani angali mdogo wa kubebwa kwapani, wakati nyumba yenyewe ilikuwa kuta tupu, haina mlango. Mbwa akajichagulia pa kulala pale penye uwazi wa mlango wa jikoni. Mlango ulipopatikana, akaendelea kulala palepale, juu ya gunia lake, na hakuna aliyewahi kumwagiza. Binti wa nyumba, Mghoi, alikua, akaolewa, akaenda zake. Jemadari akabaki na wazee wawili, Mwakio na mkewe Wakesho, akiwafukuza nyani kwenye matuta ya mahindi na kubweka kila mgeni alipotokea njiani.

Ikawa panya wameingia darini, juu ya meko, walikotundika mahindi ya mbegu. Wakesho akaona magunzi yaliyotafunwa, akajua kwamba wakikaa kimya hawatakuwa na cha kupanda. Kwa jirani kulikuwa na mtoto wa paka ambaye mama yake alikuwa ameumwa na nyoka akafa. Alikuwa wa rangi ya majivu, mkia mwembamba kama utambi. Mwakio akamwomba, akapewa, akamleta ndani ya kikapu kilichofunikwa leso.

Mwakio alikuwa mtu mwema, ila alipenda jambo lianze na kuisha siku hiyohiyo. Akaweka kikapu katikati ya ua, akamwita mbwa, akafunua. Jemadari akaja mbio, kama alivyozoea kukimbilia chochote kinachojitikisa uani. Paka akavimba, akamkwaruza pua, akapanda juu ya kuni na kutoka hapo akarukia paa la jikoni. Mbwa akasimama chini akibweka mpaka majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Mwakio akaona aibu. Akachukua fimbo akampiga, naye hakuwa amempiga kamwe, kisha akamfunga kamba nyuma ya zizi la mbuzi. Paka akashushwa kwa maziwa. Na kwa kuwa alitetemeka, akalazwa penye joto, juu ya lile gunia la mlangoni.

Siku zile Mwakio alikuwa na furaha ya mtu mwenye kitu kipya. Jioni alikaa na paka mapajani, na waliokuja kusalimu walimsifu. Nyuma ya zizi hakupita mtu, isipokuwa Wakesho alipopeleka chakula. Jemadari alibweka, kisha akalia, kisha akanyamaza. Chakula alikinusa akakiacha. Nyani wakashuka jua likiwaka, wakavunja mahindi ya tuta la chini huku akiwaona, naye akalaza kichwa chake juu ya miguu.

Mwakio akasema mbwa ameharibika. Akampelekea salamu Mwambi, mchungaji wa mbuzi kule chini nyikani, kwamba akitaka mbwa aje amchukue.

Mwambi akaja asubuhi moja. Jemadari alifunguliwa, hakushindana. Alifuata kamba kwa upole mpaka njia ya kutokea, na hapo akasimama. Akageuza kichwa kuutazama mlango wa jikoni. Paka alikuwa amelala juu ya gunia. Mbwa hakunguruma. Alitazama tu, kisha akaketi chini, na Mwambi alipoivuta kamba kidogo, hakuinuka.

Wakesho alikuwa akichagua maharagwe. Akaweka ungo chini.

"Baba Mghoi," akasema, "huyu hana ugomvi na paka. Anauliza kama bado ni wa hapa."

 Mwakio alilitazama gunia, akamtazama mbwa, akahisi uso wake ukiwaka moto. Kisha akamwomba Mwambi amrudishie kamba. Mwambi alikuwa mtu muungwana. Akaitoa, akanywa uji wake, akaondoka na kichane cha ndizi bila kuuliza neno.

Sasa Mwakio akataka kuwapatanisha palepale, lakini mkewe akamkatalia. Akamchukua paka akamtia katika chumba kidogo cha majembe kando ya jikoni, pamoja na maji, na sanduku la majivu la kujisaidia, akafunga mlango. Gunia akamrudishia mwenyewe, bila kulikung'uta. Jemadari akalinusa kwa muda mrefu, pembe hata pembe, akalizunguka, mwisho akajilaza juu yake. Na tambara alilokuwa akilalia kule zizini, Wakesho akampelekea paka. Hivyo wakaanza kujuana kwa harufu kabla ya kuonana tena.

Chakula kilitolewa pande mbili za mlango ule. Wa kwanza kupewa alikuwa Jemadari, siku zote, naye paka alingoja. Walipozoea kula wakisikilizana, wazee wakafungua mlango na kuziba uwazi kwa kitanda cha kamba kilichosimamishwa, ili waonane katikati ya kamba. Mwakio aliketi upande wa mbwa. Jemadari alipomwangalia paka kisha akageuza macho kwa bwana wake, alipewa ukoko wa ugali na kupapaswa shingo. Mbwa alipokakamaa, yeye na Mwakio waliondoka wakaenda shambani, bila fimbo na bila maneno makali. Mwakio akapigilia ubao juu ukutani pale jikoni, paka awe na mahali ambapo hapana wa kumfikia. Mbwa akiwa shambani, paka aliachiwa aupande, na tangu alipolijua kimbilio lile, makucha yake yakatulia.

Mghoi akaja kutembea na mumewe. Mwakio akatamani kuwaonyesha kazi yake, na muda haujatimia. Akakiondoa kitanda. Paka akakimbia, mbwa akamkimbiza, mtungi wa maji ukavunjika, na paka akapanda ubaoni asikubali kushuka. Mwakio akainua fimbo. Jemadari akalala chini, akingoja. Wageni walikuwa wakitazama, na fimbo ilikuwa juu. Kisha Mwakio akaiegemeza ukutani. Akakibeba kitanda mwenyewe, akakirudisha mlangoni, akaanza upya. Safari hii hakuna aliyemwambia.

Mvua za masika zikafika, na ukungu ukaingia mpaka uani. Mchana mmoja Mwakio alikuwa jikoni akichonga mpini wa jembe. Kitanda kilikuwa kimekwisha kurudishwa chumbani kulaliwa, na Jemadari alikuwa juu ya gunia bila kamba. Paka akashuka kutoka ubaoni. Akatembea polepole kama mtu aliyetumwa, akasimama, akaunusa mguu wa mbwa. Mwakio akaacha kuchonga, lakini hakuinuka. Jemadari akainua kichwa. Akamtazama bwana wake, naye Mwakio akamwambia kwa sauti ya chini, "Vema, mzee." Mbwa akashusha pumzi ndefu, akasogea kidogo, na pembe ya gunia ikabaki wazi. Paka akajizungusha, akajizungusha tena, akalala.

Wakesho akaja na sufuria ya chai. Akawaruka wote wawili, akamimina vikombe, akaketi karibu na mumewe. Hawakumwita jirani yeyote kuja kuona. Walikunywa chai wakisikiliza mvua, na moyo wa Mwakio ulikuwa mweupe kuliko siku ile alipoleta kikapu. Panya walihama dari ile. Mbegu zilizosalia zilitosha, wakapanda. Na nyani waliposhuka tena, walikutana na sauti waliyoijua, wakarudi msituni.

Wengi wenu mnasifiwa kwa kupokea wageni, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini siku mlipomkalisha aliyefika mwisho, nani kati yenu alikwenda nyuma ya zizi kumtazama aliyekuwapo tangu mwanzo?