Chungu Kizima Hakiogopi Konzi

"Chungu kizima hakiogopi konzi." Wajukuu walilisikia neno hilo kwenye posa ya dada yao, wakamuuliza Bibi Kiende limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, akawaambia, huku akiendelea kuchambua maharage.

Huko milimani Upareni aliishi mfinyanzi mmoja mjane, Nakijwa. Binti yake mkubwa aliolewa na mwanamume mwenye maneno matamu, kumbe ana wake wengine mbali. Binti akarudi nyumbani amekonda, na hakukaa sana akafariki. Kwa hiyo kijana mgeni aitwaye Kateri alipotoka Ugweno kuja kumposa Namsifu, binti aliyebaki, Nakijwa alikosa usingizi. Kijana alikuwa mpole na mchapakazi, na Namsifu alimpenda. Lakini yule wa kwanza naye alikuwa mpole.

Alitaka kumhoji. Shemeji yake Mbonea, aliyesimama mahali pa marehemu mumewe, akamkataza.

"Mgeni hahojiwi kama mwizi, shemeji. Ukimtilia shaka atakwenda zake, na mtoto atatulaumu sisi."

Nakijwa akatii, ila chakula kikamshinda.

Siku ya gulio alishusha vyungu vyake sokoni. Kando yake alikaa mwuzaji asiyemfahamu, mwenye vyungu vya kung'aa kuliko vya wote. Mama mmoja akachukua chungu kwa mtu yule, akakunja vidole akipige konzi, kama wanunuzi wafanyavyo wasikie kama kina ufa. Mwuzaji akamdaka mkono.

"Utanivunjia, mama. Si unaona kilivyo kizuri?"

Yule mama akakirudisha, akahamia kwa Nakijwa. Akapiga konzi chungu cha kwanza, kikatoa sauti safi. Akapiga cha pili, cha tatu. Nakijwa hakugeuka hata kutazama, maana mawazo yake yalikuwa nyumbani.

"Mwenzangu, wewe huoni hofu ninavyovipiga?"

"Vyangu vizima," Nakijwa akajibu. "Piga utakavyo."

Neno lilipomtoka, akalisikia yeye mwenyewe, akamkumbuka Kateri. Akafunga mzigo gulio likiwa bado halijachangamka, akapanda mlima.

Alimkuta Kateri uani akipasua kuni, Mbonea ameketi kando.

"Mwanangu, nina la kukuuliza," akasema. "Ukiona nimekuvunjia heshima, uniwie radhi, lakini nitauliza. Una mke?"

Mbonea akainamisha uso. Kateri akaweka shoka chini.

"Nilikuwa naye, mama. Aliugua baada ya kujifungua, akafariki, na mtoto naye. Namsifu nilimwambia. Wewe niliona haya kukuletea habari za msiba kwenye posa." Akamsogezea kigoda. "Uliza yote, mama. Kisha twende kwetu ukawaulize wanaonijua."

Wakaenda wote watatu. Walipofika Ugweno, Kateri hakuwapeleka kwao kwanza. Aliwapeleka kwa wazazi wa marehemu mkewe. Mama mzee akatoka ndani, akamkumbatia kijana, akamwita mwanangu. Alipoambiwa wageni wamefuata nini, alimshika Nakijwa mkono.

"Huyu alimuuguza binti yangu mpaka pumzi ya mwisho, na mpaka leo ndiye anayenilimia. Kama ningekuwa na binti mwingine, nisingemwacha aje kwako. Mpe wako bila hofu."

Nakijwa akaketi pale pale kizingitini, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu amzike mwanawe. Walipoandaliwa ndizi alikula akashiba, akaomba aongezwe.

Njiani wakirudi, Mbonea akamsogelea.

"Shemeji, mimi niliogopa angekasirika."

"Hata mimi," Nakijwa akasema, huku moyo wake ukiwa mwepesi kama wa msichana. "Lakini kukasirika ni kwa mwenye ufa. Chungu kizima hakiogopi konzi."

Mbonea akalirudia neno hilo kwenye harusi, na watu wakalichukua.

Bibi Kiende akatikisa ungo, akawatazama wajukuu wake. "Basi mtu akikuapia kwamba anakupenda kwa dhati, muulize. Wa kweli atakujibu. Chungu kizima hakiogopi konzi."