Mkaja wa Siwema

Hapo zamani, enzi ambazo korosho zilibanguliwa nyumbani kwa nyundo ya mti na majivu viganjani, palikuwa na kijiji cha kusini kikiitwa Mnengula, na kijijini humo binti aliyeitwa Siwema. Jina lake kamili ni Siwema binti Mfaume. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, lakini kwa mama hakupungukiwa. Alikuwa nao watatu.

Wa kwanza ni Hidaya binti Salum. Huyu ndiye aliyemzaa. Alimzaa huku akikohoa damu, na siku ileile akapakiwa garini kupelekwa hospitali ya kifua, mbali, akakaa huko miaka.

Wa pili ni Zamda binti Athumani, dada wa Mfaume. Huyu ndiye aliyemnyonyesha. Alikuwa ametoka kumzika mwanawe mchanga. Kiuno chake bado kimefungwa kitambaa cha uzazi, na maziwa bado yanamtoka. Alipoletewa Siwema hakuuliza neno. Alimpokea akampakata.

Wa tatu ni Somoe binti Chande, mke wa pili wa Mfaume. Huyu ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Yeye hakujaliwa kuzaa. Masika, mto ulipofurika, alimvusha mgongoni kwenda shule na kumngoja ng'ambo mpaka watoto watoke. Na wazee waliposema kwamba msichana akishajua kusoma barua inatosha, Somoe alikaa kizingitini, akasema atakayemtoa Siwema shule aanze kumtoa yeye mlangoni.

Hidaya aliporudi, amepona, mtoto alikuwa ameshaanza shule. Alimwona mgeni yule akajificha nyuma ya kanga ya Somoe. Hidaya hakumvuta. Alisema tu, "Mimi naitwa Hidaya." Alijitaja jina, hakujitaja mama. Kisha akampa shada la mbegu alilolitunga hospitalini: za mtipitipi, nyekundu zenye jicho jeusi, za ukwaju, na nyingine ambazo hata yeye hakuzijua. Akaenda kuishi kwa kaka yake, upande wa pili wa kijiji.

Siwema akawa anauliza kila mbegu imetoka katika tunda gani, na kila tunda limetoka katika ua gani. Kuuliza huko ndiko kulikompeleka masomoni, hata akapata kazi mjini, katika nyumba inayohifadhi mimea iliyokaushwa. Kazi yake ilikuwa kuyapanga matunda na mbegu katika mafungu yake, kila kimoja na jina lake.

Akapata mchumba. Na huko Mnengula ilikuwepo desturi. Upande wa bwana huleta mkaja, kitambaa cheupe, kwa heshima ya kile ambacho mama hufungwa tumboni baada ya kujifungua. Bibi harusi mwenyewe humfunga mama yake kiunoni mbele ya watu, ndipo nikahi isomwe. Mkaja huwa mmoja. Haukatwi, wala hauongezwi mwingine.

Alasiri ya kuamkia harusi wanawake walikuwa wakibangua korosho za wageni. Jirani mmoja akataka kujua mjini wanayagawaje hayo matunda. Siwema akaeleza, kwa furaha, maana ni kazi aliyoipenda. Alisema tunda ni lile linalotokana na kijifuko kilicho ndani ya ua, kiitwacho ovari. Liko linalokauka na kupasuka, kama ganda la kunde. Liko lililogandana na mbegu yake, kama punje ya hindi. Topetope ni ovari nyingi za ua moja zilizoungana. Nanasi ni maua mengi yaliyokubali kuwa tunda moja.

"Na sisi mama zako," Somoe akamtania, "utatubandika karatasi gani tukauke?"

Wakacheka. Siwema akaokota bibo jekundu, korosho yake bado inaning'inia.

"Hili kila mtu analiita tunda," alisema, "lakini ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni hii korosho, nayo ndiyo hutangulia. Bibo tunaliita tunda bandia."

Wakacheka tena, isipokuwa Zamda. Nyundo yake ilisimama. Akanawa majivu, akaenda kwake. Baada ya magharibi akaleta ujumbe kwamba ameshaelewa mkaja unakwenda wapi, na kesho ana kazi shambani.

Asubuhi na mapema Siwema akamfuata, akamkuta anafagia uwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini kwa bandia?"

"Mama, nilikuwa nasema habari za bibo."

"Najua ulisema bibo. Uliletwa kwangu mkavu kama korosho, mimi ndiye niliyekutia nyama."

Siwema akasema jina lile halipimi utamu wala thamani. Linaeleza tu kitu kimeanzia wapi.

"Kumbe kinachotazamwa ni kilikoanzia," Zamda alijibu. "Basi mfunge Hidaya, yaishe."

Na kazini kwa Siwema hilo ndilo lilikuwa jibu. Aliishika mikono ya Zamda, iliyoingia weusi wa mafuta ya maganda, akaibusu viganjani. Alimsihi aje, si kwa ajili ya kitambaa. Zamda akaendelea kufagia. Lakini watu walipokusanyika, naye alikuwepo.

Mama watatu wakaketi mkeka mmoja. Shangazi wa bwana harusi akamkabidhi Siwema mkaja, kisha akaomba aonyeshwe mama ni yupi. Kwa kuwa jambo hilo halikuwahi kutokea Mnengula, wazee wakataka kila mmoja aseme lake.

Hidaya akasema, "Mkaja ni kitambaa cha tumbo. Tumbo lililombeba ni langu, na halikufungwa. Nilipanda gari nimelishika kwa mikono yangu. Sikumdai aniite mama. Hiki kimoja ndicho ninachokiomba."

Zamda akasema, "Mimi nilifungwa, kwa ajili ya mtoto niliyemzika. Siku nilipomweka Siwema kifuani, kitambaa kile kikawa chake. Yule wangu niliacha kumlilia ili maziwa yasikauke. Kama kikonyo si tunda, na niambiwe korosho ingekua kwa kunyonya nini."

Somoe akasema, "Hidaya ana tumbo, Zamda ana ziwa. Mimi nina mgongo tu." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Hawa wenzangu waliitwa mama siku walipojifungua. Mimi aliyeniita mama ni huyu peke yake, na alianza mwenyewe, bila kufundishwa. Nisipofungwa leo, sina siku nyingine."

Shangazi wa bwana akanong'ona kwamba kitambaa kitalowa jasho mkononi mwa bibi harusi. Sheikh alikuwa akingoja barazani. Kule mjini, kisichojulikana fungu lake huwekwa pembeni mpaka kipatiwe jina, hata kama ni miaka. Hapa hapakuwa na pembeni. Siwema alifikiri juu ya korosho inayotangulia, na bibo linaloijia baadaye likavimba kwa ajili yake, na tawi linalovibeba vyote viwili pasipo mtu kuliita tunda wala bandia.

Akapiga magoti mbele ya mkeka, akaukunjua mkaja.

Na wale mama watatu, pasipo kutazamana, kila mmoja akainua mikono yake kidogo kutoka ubavuni, kama afanyavyo mwanamke anayesubiri kufungwa kiuno.

Haya, ninyi mliokaa kimya muda wote huu: kitambaa ni kimoja, na hakikatwi. Je, ni nani aliyestahili kufungwa?