Jiwe Mlangoni pa Liwali

Hapo zamani, katika mji wa Mkwichi ulio kando ya njia ya misafara ya bara, paliondokea mpagazi fukara aitwaye Mgalula, aliyewahi kubeba mizigo ya jeshi la Wazungu. Mali yake yote ilikuwa shamba moja la muhogo. Wapo waliosema hana akili, na wapo waliosema anazo kupita kiasi. Lililothibitika ni kwamba njaa alikuwa nayo mara nyingi, na hofu mara chache.

Basi ikawa Liwali Seif bin Humud, akitaka kuwapendeza Wazungu waliomweka kitini, akaamuru mawe ya kuchongwa yasimamishwe njiani kuadhimisha safari ya jeshi lile. Kila jiwe likaandikwa: "Hapa jeshi lilikanyaga." Tena akatangaza kuwa kila kilicho hatua mia kuzunguka jiwe ni mali ya Serikali, na mwenye kukana alete shahidi kwamba jeshi halikupita.

Siku ya pili Mgalula akakuta jiwe katikati ya muhogo wake. Akaenda barazani.

"Bwana Liwali, Mola akuweke, jeshi halikupita kwangu."

"Una shahidi?"

"Shahidi wa watu wasiopita, Bwana? Aliwaona vipi?"

"Basi huna. Ijumaa uhame. Jiwe ndilo shahidi, nalo halisemi uongo."

"Jiwe lolote, Bwana?"

"Lolote! Kadhi, andika."

Kadhi akaandika. Mgalula akaomba asomewe mara mbili, kwani maneno ya wakubwa hupenda kugeuka kabla wino haujakauka. Kisha akashukuru, akaenda zake.

Asubuhi ya Alhamisi Liwali alifungua mlango wake, akajikwaa, akaumia kidole gumba cha mguu. Mbele yake palisimama jiwe jipya, na kando yake Mgalula ameketi akitafuna muhogo mbichi.

"Nani kaliweka hili?"

"Mimi, Bwana. Nimelitoa kwenye rundo la mafundi."

"Mpumbavu wewe! Jeshi halikupita hapa!"

"Bwana ana shahidi?"

Watu wakajaa. Kadhi akaitwa, akafunua daftari, akasoma, akakohoa.

"Jiwe lolote, Bwana Liwali. Ndivyo ilivyoandikwa. Nyumba hii sasa ni ya Serikali."

"Lakini jiwe kaliweka huyu!"

"Na la shambani kwangu, Bwana," Mgalula akauliza kwa unyenyekevu, "liliota lenyewe? Kesho ni Ijumaa. Nikuitie wapagazi wa kubeba vitanda?"

Liwali akataka kukasirika, kicheko kikamtangulia.

"Amri nimeifuta! Shamba ni lako. Ila niambie kweli, wewe uliyesafiri nao: jeshi lilikanyaga wapi?"

Mgalula akajibu kama mtu aliyelishwa yamini.

"Katika niliyoyaona kwa macho yangu, Bwana, hakuna mahali. Penye matope tuliwabeba mabegani. Penye miiba tuliwabeba kwa machela. Penye tambarare walipanda punda. Nyayo zote za njia ile ni zetu."

Liwali akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akaagiza mafundi wayafute maandishi yote, wachonge upya: "Hapa wapagazi walikanyaga." Naye Mgalula akavishwa joho, akaketishwa barazani ubavuni mwa kadhi, ili isitoke tena amri mjini kabla yeye hajaisikiliza.