Matanga ya Desturi

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mliokosa uji! Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kijiji sikitaji maana wajukuu wa watu wake mko hapa, palikuwa na desturi. Nyumba ya mjane ikivuja, wanaume humwezekea. Mwaka mmoja paa la Mama Njiku likaoza. Mawingu yakatanda, ngururu! Akamwendea Jumbe Sempombe.

"Mvua ikitukuta hivi, ukuta utawaangukia wanangu."

Jumbe akajinyoosha mkekani. "Pole, mama. Desturi hiyo imetoweka."

Wanaume wakaitikia, "Imetoweka!" Wavivu wakubwa! Nasema wavivu, na babu yangu alikuwamo.

Bibi Kidawa, mkunga aliyewazalisha mama zao wote, akasikia. Akaja na bakora yake, ko, ko, ko.

"Haikupotea, tuitafute? Haikulala, tuiamshe?"

"Imetoweka, bibi. Imekufa kabisa."

"Basi poleni, wafiwa. Tukae matanga."

Akapiga yowe, uwiii! Wanawake wakatoka wakilia, huku wakizima mioto.

"Mbona mnazima?" akauliza Jumbe.

"Kwa mfiwa hapapikwi, mjukuu wangu. Jirani ndiye humletea chakula."

"Jirani yupi? Si sote tumefiwa!"

"Ndiyo msiba mkubwa huo."

Siku ya kwanza, matumbo yakalia nguru, nguru. Siku ya pili, Jumbe alionekana akinusa chungu kitupu. Siku ya tatu akamfuata Bibi Kidawa, anayumba.

"Bibi, mtazame tena marehemu. Huenda alizimia tu."

"Umejuaje?"

"Nakumbuka nyasi zinapokatwa. Nakumbuka fito zinavyofungwa. Hata wimbo wake naukumbuka!"

"Mwanangu, kilichotoweka hakina wa kukikumbuka, wala wa kukikataa. Mimi mkunga, najua kilicho hai. Hiki kilikuwa hai, ninyi mkakikalia."

Wanaume mbio! Fyeka, fyeka! Funga, funga! Paa likakaa, na mvua ikashuka, pwaaa! Mama Njiku na wanawe wakavu. Ndipo vyungu vikarudi motoni. Ugali wa siku hiyo haukuhitaji mboga.

Miaka ikapita, Jumbe Sempombe akafa, Mungu amrehemu. Mjane wake alipoamka asubuhi moja aende kuomba aezekewe, alikuta wanaume wako juu ya paa lake, wanaimba. Akalia sana.

Basi jamani, jambo likikuchosha sema umechoka, usilitangazie kifo. Hadithi yangu imekomea hapo; mwenye jirani mjane akatazame paa lake.